Maswali ya Wasomaji: Jiwe la Juu Linashikwa na Nini?

Tangu toleo lililopita tumepokea barua tano zinazogusa jambo moja, nalo ni madaraja ya mawe yenye matao. Nimeona nizijibu pamoja. Barua ya kwanza nitaipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu msomaji akilielewa jibu lake, hizo nne zilizobaki zitakuwa nyepesi kwake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi, ninaishi Mabatini hapa Mwanza, na kazi ya mawe nimeifanya kwa miaka 22. Mwanangu anayesoma Marekani amenitumia picha ya daraja lililoko katika jiji la Minneapolis, lote la mawe, lenye matao mengi yaliyojipanga juu ya mto mkubwa. Anasema halina nondo hata moja na kwamba treni zilipita juu yake karibu miaka mia. Mimi nikijenga ukuta, kila jiwe hukaa juu ya jiwe jingine, lakini jiwe la katikati ya tao lina hewa tupu chini yake. Linashikwa na nini? Na sisi tunaoishi juu ya mawe, kwa nini hatujengi madaraja ya namna hiyo? (Fundi, Mabatini)

JIBU: Fundi wangu, kwanza nikupe habari za daraja lenyewe. Wenyeji wake huliita kwa sura yake, yaani Daraja la Matao ya Mawe, nalo linavuka Mto Mississippi chini kidogo ya Maporomoko ya Saint Anthony, katikati ya jiji. Lilijengwa na kampuni ya reli ya James J. Hill na likakamilika mwaka 1883. Urefu wake ni kama mita 640, upana wake mita 8.5, na lilipokamilika lilikuwa na matao 23 yaliyojengwa kwa itale na mawe ya chokaa. Treni ya mwisho ya abiria ilipita mwaka 1978, na tangu mwaka 1994 limekuwa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Mwanao amesema kweli: matao yale yalijengwa bila nondo, na yalibeba treni za abiria kwa miaka 95.

Sasa linashikwa na nini? Jaribu jambo hili pale kazini, wewe na kibarua wako. Simameni mkitazamana, hatua mbili kati yenu, kila mmoja ainue mikono na kuegemeza viganja vyake kwenye viganja vya mwenzake, kisha wote wawili mjilaze mbele kidogo, miili ikiwa imenyooka. Kila mmoja wenu anaanguka, na kuanguka kwa huyu ndiko kunakomzuia yule. Mwiteni mtu wa tatu aikandamize mikono yenu pale viganja vinapokutana. Mtahisi mambo mawili kwa wakati mmoja: viganja vinabanana zaidi kuliko mwanzo, na nyayo zinataka kuteleza kurudi nyuma. Mkiwa mmesimama juu ya udongo mkavu ulioshindiliwa, mtambeba mtu huyo. Mkiwa juu ya sakafu yenye maji, mtaanguka wote, hata kama mikono yenu ina nguvu za kupindukia.

Tao la mawe ni hivyo hivyo. Kila jiwe huchongwa mfano wa kabari, upande wa juu ukiwa mpana kuliko upande wa chini. Jiwe la kileleni linapotaka kudondoka, haliwezi kupita mpaka liwasukume majirani zake pembeni. Majirani nao husukuma wale walio chini yao, na msukumo huo huteremka jiwe kwa jiwe, ukiongezewa na uzito wa kila jiwe unapopita, mpaka ufike kwenye nguzo na kutoka hapo uingie ardhini. Uzito wa treni hauyatenganishi mawe, bali unayabana. Kwa hiyo jiwe lile unaloliona liko hewani limekabwa pande zote mbili na wenzake, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo linavyokabwa zaidi.

Hapa tabia ya jiwe lenyewe ndiyo inayofanya kazi, na wewe unaijua kwa nyundo yako. Jiwe hupenda kubanwa na huchukia kuvutwa. Itale nzuri hustahimili kubanwa kwa megapaskali (kipimo cha mkandamizo) 100, hata 200, ilhali zege la kawaida tunalomwaga kwenye nyumba zetu ni megapaskali 20 hadi 25. Lakini itale hiyo hiyo ukiivuta au ukitaka kuikunja, nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Ndiyo maana lenta ya mlango huwekewa nondo upande wa chini: lenta ikibebeshwa mzigo hujikunja, upande wake wa chini huvutika, na zege peke yake lingepasuka pale. Umbo la tao huondoa huko kuvutika. Maadamu kila kitu ndani yake kinabanwa tu, nondo haina kazi ya kufanya, na palipo hakuna nondo hakuna kutu inayovimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hiyo ni sababu mojawapo ya madaraja ya mawe kuishi maisha marefu kuliko wajukuu wa walioyajenga.

Umesema kila jiwe lako hukaa juu ya jingine. Katika tao pia ni hivyo, isipokuwa kule “kukaa juu” kumeinamishwa kidogo kidogo mpaka kukageuka kuwa kuegemea.

Kuna jambo moja ambalo picha haiwezi kukuonyesha, nalo ni mirunda. Tao halijibebi mpaka jiwe la mwisho liingie mahali pake. Siku zote za kabla ya hapo ni mzigo mfu uliolala juu ya kiunzi cha mbao, na kiunzi hicho lazima kiwe na umbo halisi la tao, kiwe imara kama daraja dogo la mbao, na kisimame ndani ya mto wenye mkondo. Mawe hupangwa kuanzia miguuni, pande zote mbili kwa pamoja, ili kiunzi kisielemewe upande mmoja. Jiwe la kileleni likishaingia, kabari zilizo chini ya kiunzi hulegezwa polepole, kidogo hapa na kidogo pale. Tao hushuka kiasi cha unene wa kidole, viungo hubanana, na kuanzia dakika hiyo linajitegemea. Waashi wote wa zamani waliiogopa saa hiyo, na walikuwa na haki ya kuiogopa.

Nimesema nguvu ya tao huishia miguuni, na hapo ndipo daraja la Minneapolis lina habari nzuri kuliko urefu wake. Maporomoko ya Saint Anthony yanapita juu ya tabaka la mawe ya chokaa, na chini ya tabaka hilo kuna jiwe la mchanga laini mno, linaloweza kuchimbwa kwa zana za mkono. Mwaka 1869 watu waliokuwa wakichimba handaki chini ya mto, wakitafuta maji ya kuendeshea vinu, waliukuta mto ukiwaingilia ndani. Maji yakalipanua tundu, sehemu ya paa la mawe ikaporomoka, na mji mzima ukahofia kwamba maporomoko yatageuka kuwa mteremko wa tope na vinu vyote vitakosa nguvu. Serikali ililazimika kujenga ukuta mrefu wa zege chini ya ardhi ili kuzuia uharibifu huo. Basi reli ilipokuja miaka kumi na kitu baadaye, mhandisi Charles C. Smith hakuthubutu kuweka uzito wa nguzo na treni juu ya ardhi iliyojeruhiwa. Alilipeleka daraja upande wa chini wa maporomoko, akalivusha mto kwa mshazari, na upande wa magharibi akalipinda lifuate ukingo. Mwombe mwanao akupigie picha akiwa amesimama kwenye upinde huo. Wengi huudhania kuwa ni urembo, kumbe ni heshima aliyopewa mwamba uliopo chini. Wakati huo watu waliliita daraja hilo upuuzi wa Hill.

Kuhusu sisi: nakubaliana nawe nusu tu. Tao si geni kwetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14, ulifunikwa kwa kuba na dari za matao zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa palepale pwani, bila chuma cha kushikilia. Huku kwetu kanda ya ziwa mambo yalikuwa tofauti kwa sababu ya majira. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, wahandisi duniani kote walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye chuma na zege. Mihimili ya chuma ililetwa na reli yenyewe ikiwa tayari na kuinuliwa kwa siku chache, ilhali tao la mawe lingedai msimu mzima wa kiangazi, msitu wa mirunda na kundi kubwa la waashi.

Hata hivyo, usiseme hatujengi. Mkoani Kigoma, TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kushirikiana na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, imejenga madaraja ya mawe yenye matao katika barabara za vijijini, na utaalamu huo umekwenda katika mikoa mingine pia. Gharama huwa ndogo kuliko ya zege kwa sababu jiwe liko palepale na kazi hufanywa na mafundi wa eneo hilo. Ningekuwa na miaka yako 22 ya kushika nyundo, ningekwenda ofisi ya TARURA ya wilaya kuuliza lini mafunzo yanafanyika. Jiwe la Mwanza ni itale, na mikono ya kulipasua tunayo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu Sengerema. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ghuba ya Mwanza, lifunguliwe, wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini lisingejengwa kwa mawe haya yaliyotuzunguka badala ya zege na nyaya. (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Mwalimu, waambie wahesabu miguu. Tao kubwa la daraja la Minneapolis halizidi sana mita 30. Daraja letu, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa takriban kilomita 3. Wakigawanya watapata matao yapatayo mia moja, na kila tao linadai nguzo nene iliyosimama majini, ikiwa imepitishwa kwenye maji na tope mpaka ifikie mwamba. Fedha zote zingezama huko chini kabla gari la kwanza halijavuka. Yapo matao marefu zaidi ya mawe, na China wana daraja la Danhe, lililomalizika mwaka 2000, ambalo tao lake lina mita 146 kutoka mguu hadi mguu, lakini hilo ni jambo la pekee, na linavuka bonde lenye kingo imara za kuegemea, wala si ghuba ya ziwa.

Kisha kuna maji yenyewe na vyombo vinavyopita. Daraja la kale la London, lililokamilika mwaka 1209, lilikuwa na nguzo 19 nene, na kila nguzo ilizungushiwa kisiwa cha magogo na mawe ili isichimbwe na mkondo. Nguzo na visiwa hivyo viliuziba mto kiasi kwamba maji yalipita katikati yake kama maporomoko, na wenye mashua wengi walikufa wakijaribu kupita chini. Wenyeji walivumilia hali hiyo kwa zaidi ya miaka 600, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1831 na la zamani likabomolewa. Hata Minneapolis, mwanzoni mwa miaka ya 1960, matao mawili yaliondolewa na badala yake kukawekwa mhimili wa chuma ili meli za mizigo zipite kuelekea kwenye lango la maji, la kupandishia na kushushia meli, lililofunguliwa mwaka 1963. Lango hilo lilifungwa mwaka 2015 na meli hazipiti tena, lakini kipande cha chuma kimebaki, na kila anayelitazama daraja anaona pale mstari wa matao ulipokatwa. Mimi binafsi naona uchungu nikitazama picha yake.

Kwa mto mwembamba na kijito cha kijijini, jiwe linafaa sana. Kwa Ghuba ya Mwanza, waliochagua zege na nyaya walichagua vyema.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nyegezi. Nimesoma kwamba daraja la Prague lilijengwa kwa chokaa iliyochanganywa na mayai. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unalolisema ni Daraja la Charles, juu ya Mto Vltava katika nchi ya Cheki, lililoanzishwa na mfalme Charles wa Nne mwaka 1357, lenye matao 16 na urefu wa mita 516. Masimulizi ya mayai ni ya zamani na watu wa kule wanayapenda, hata husimulia kwamba mji mmoja ulituma mayai yaliyochemshwa ili yasivunjike njiani. Yapokee kama ngano.

Jambo la hakika ni kwamba katika tao la mawe udongo wa viungo si gundi. Mawe hayakushikana kwa sababu yamegandishwa. Yameshikana kwa sababu yamebanwa. Kazi ya chokaa ni kuwa mto laini kati ya jiwe na jiwe, ili nyuso zisizolingana zigusane vizuri na mzigo usikae kwenye ncha moja. Yapo madaraja ya mawe ya Warumi yaliyopangwa bila udongo wowote kwenye viungo, na yamesimama. Chukua vipande sita vya tikiti maji ukiwa jikoni, vichonge kama kabari, uvipange kwa tao juu ya chupa iliyolazwa, zuia miguu kwa vitabu viwili vizito, kisha itoe chupa. Utaona mayai hayahitajiki.

SWALI: Ndugu Mhariri, daraja la mawe la mwaka 1883 bado limesimama, na jirani yake daraja la chuma lilianguka mwaka 2007. Je, huu si ushahidi kwamba wazee walijenga vizuri kuliko wataalamu wa leo? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na naomba tulitazame jambo hili kwa makini kwa sababu watu 13 walipoteza maisha. Daraja la barabara kuu ya I-35W, lililofunguliwa mwaka 1967, lilikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye daraja la mawe. Jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, saa ya watu kurudi nyumbani, lilianguka mtoni likiwa limejaa magari, huku juu yake kukiwa na vifaa vizito na vifusi vya matengenezo. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ulionyesha kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yalisanifiwa yakiwa na unene wa karibu nusu tu ya ule uliohitajika. Kosa lilifanyika mezani, kwenye hesabu, likakaa miaka 40 bila kuonekana. Lisingekuwapo kosa hilo, chuma kingebeba.

Nalo daraja la mawe halikufika leo kwa kuachwa. Mafuriko ya mwaka 1965 yaliharibu nguzo zake mbili, na ilibidi zitengenezwe upya. Baridi ya kule huwa kali, maji huingia kwenye viungo, hugeuka barafu na kutanuka kwa karibu asilimia 9, na kila mwaka husukuma jiwe kutoka ndani. Mwaka 2024 zilianza kazi kubwa za ukarabati, mafundi wakiondoa mawe yaliyochakaa na kuyapachika mapya, na kukwangua viungo na kuvijaza upya. Kwa maneno mengine, daraja hilo limesimama kwa sababu kila kizazi kimelishika mkono. Tena, tukitazama madaraja ya zamani yaliyosalia, tunasahau kwamba yale yaliyojengwa vibaya yalianguka zamani na hakuna mtu wa kuyapiga picha.

Kuna tofauti moja tu ninayoikubali. Tao la mawe mara nyingi huonya. Hupata ufa, hushuka kidogo, hupinda upande mmoja, na hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka huku likiendelea kubeba. Onyo hilo linamfaa tu mwenye kulitazama, na barua inayofuata imetoka kwa mtu wa namna hiyo.

SWALI: Mhariri, mtaani kwetu kuna kidaraja cha mawe chenye tao moja, juu ya mfereji unaoingia Mto Mirongo. Watoto wanapita hapo kwenda shule, na bodaboda pia. Baada ya mvua za mwaka huu umetokea ufa upande mmoja, karibu na chini. Wazee wa mtaa wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo tuchange fedha tuupige plasta. Je, tufanye hivyo? (Mama, Mwanza)

JIBU: Mama, nakupongeza kwa kuona, na nakuomba msipige plasta bado. Wahenga walisema ukweli kuhusu ufa wa ukuta wa udongo, lakini ufa wa tao ni taarifa, na plasta itaifunika taarifa hiyo kabla hamjaisoma. Zaidi ya hapo, saruji kali juu ya mawe yaliyojengwa kwa chokaa huyafungia maji ndani, na maji hayo hutafuta njia kwa kulichubua jiwe.

Umesema ufa uko upande mmoja, karibu na chini. Hilo linanitia wasiwasi kuliko kama ungekuwa juu, kwa sababu ufa wa pale huashiria kwamba mguu umetitia au umesogea. Yakumbuke yale niliyomwambia fundi wa Mabatini kuhusu nyayo juu ya sakafu yenye maji. Mto hauli tao, mto hula miguu. Mkondo unapofika kwenye nguzo hujikunja, hushuka chini na kuchimba udongo kuizunguka, na mafuriko yanapopungua, tope laini hurudi na kulifukia lile shimo. Ukienda kutazama mvua zikikatika utaona ardhi tambarare, safi, na utaondoka ukiamini kuwa hakuna shida. Kwa hiyo msitazame kwa macho pekee. Maji yakishuka mwezi wa sita, chukueni kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja na nusu, mkichomeke ardhini kuzunguka mguu wa kidaraja, hatua kwa hatua. Kikigota, hapo kuna ardhi ya asili au jiwe. Kikizama kama kwenye uji, hapo palichimbwa, na mguu unaning'inia.

Jambo la pili ni takataka. Niliwahi kusimama kando ya Mirongo asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, nikatazama tawi moja la mwembe lililonasa kwenye nguzo. Ndani ya muda mfupi tawi lile lilikamata mifuko, mifuko ikakamata majani, kisha likaja godoro kuukuu likalala juu yake, na maji ambayo yalikuwa yakipita pande zote mbili yakabaki na upande mmoja tu, yakienda kwa kasi maradufu na rangi ya kahawa iliyokolea. Ndivyo ilivyokuwa Prague mwezi Septemba 1890, ila kule yalikuwa magogo: yalirundikana dhidi ya Daraja la Charles, maji yakapanda nyuma yake na kuchimba chini, nguzo mbili zikaondoka na matao matatu yakaanguka. Kwenye madaraja ya matao mengi, tao moja likianguka jirani yake hukosa wa kumsukuma, naye hufuata. Kidaraja chenu kina tao moja, hivyo hakina jirani, lakini mdomo wake ni mwembamba na huziba upesi. Fedha mnazotaka kuchangia plasta, tumieni kuusafisha mdomo huo kabla ya vuli, na kung'oa miche yoyote ya mikuyu iliyoota kwenye viungo ingali midogo.

Kuhusu ufa wenyewe, mwombeni fundi apake jasi mbichi mahali pawili, kila mahali pawe na ukubwa wa kiganja, ikivuka kutoka upande mmoja wa ufa hadi wa pili, na aandike tarehe juu yake. Jasi ikikauka haivumilii kuvutwa. Ikipasuka baada ya wiki au mwezi, ufa unatembea. Ikibaki nzima mpaka baada ya vuli, ufa umetulia na unaweza kuzibwa kwa chokaa. Tazameni pia kingo zake: zikiwa safi na kali ni ufa mpya, zikiwa na vumbi na ukungu wa kijani ulikuwapo siku nyingi na ninyi mmeuona sasa.

Wakati mnasubiri, wekeni mawe mawili makubwa kila upande ili bajaji na magari ya mchanga yasipite, watoto wapite kwa miguu peke yao, na mvua kubwa ikinyesha wazungushwe njia nyingine hata kama ni mbali. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aiandikie TARURA barua yenye tarehe na picha. Nami nitumie picha tatu: moja ya ufa huku rula imewekwa kando yake, moja ya mguu wa upande wenye ufa, na moja iliyopigwa ukiwa umesimama ndani ya mfereji ukitazama tao kwa chini, ili nione kama umbo lake bado linalingana kushoto na kulia.